Bot ya kuandika noti kwenye kikao cha video na mteja: uiingize, utumie AI ya ndani ya programu, au usimulie mwenyewe baadaye?

Kama unafanya vikao na wateja kwa video, iwe ushauri wa biashara, ukocha, kufundisha, unasihi au unakusanya mahitaji ya mradi wa mtu, lazima umeshajiuliza kwanini bado unahangaika kuandika noti huku unasikiliza wakati kila programu siku hizi inakwambia ina AI ya kukuandikia. Ukianza kutafuta unakutana na orodha za programu kumi bora, hii nyota nne, ile nyota tano, na mi naona orodha hizo hazikusaidii kuchagua kwasababu mihtasari yenyewe inafanana sana, weka mazungumzo yaleyale kwenye tatu tofauti utaona zinatoa karibu kitu kimoja. Kinachotofautiana kweli ni AI imekaa wapi wakati mteja anaongea. Inaweza kuwa imekaa kwenye skrini kama mtu wa tatu, inaweza kuwa ndani ya Zoom au Google Meet yenyewe, inaweza kuwa kwenye laptopu yako inasikiliza kimyakimya, au haipo kabisa na unaiita mteja akishaondoka. Hapo ndo pa kuchagulia, jina la kampuni linakuja baadaye.

Bot inayoingia kama mshiriki

Hizi ndo za akina Otter, Fireflies na Read AI. Unaunganisha kalenda yako, inasoma linki ya kikao, muda ukifika inabisha hodi kama mtu mwingine yeyote na inakaa kwenye kiboksi chake, mara nyingi ina jina lako na neno Notetaker (mwandika noti) pembeni. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haijali uko wapi, leo mteja anataka Zoom, kesho mwingine anataka Teams, keshokutwa Meet, noti zote zinaangukia sehemu moja. Na huhitaji kuwa wewe ndo mwenye kikao, ukialikwa nayo inakuja, ilimradi aliyealika aifungulie mlango.

Uzuri wa pili watu wanausema kama ubaya: inaonekana. Mteja anaiona pale, anajua kuna kitu kinaandika. Kwa uaminifu hiyo ni nzuri kuliko kitu kilichojificha, ila kwa mazungumzo ni shida, kwasababu mtu aliyekuja kukwambia biashara yake inazama au ndoa yake ina matatizo akiona kiboksi cheusi kimekaa pale kinamtazama anaanza kuongea kama yuko kwenye intavyuu ya kazi, sentensi zimenyooka, hakuna anachokwambia. Kwenye kikao cha watu wanane bot inapotea kati ya sura. Kwenye kikao cha wawili hiyo bot ni theluthi ya skrini.

Alafu kuna hii tabia ya kuingia yenyewe. Ukiiachia kalenda nzima inaingia kila penye linki, hata kikao ambacho hukukusudia, hata wewe ukichelewa yenyewe inaweza kuwa imeshafika inamsubiri mteja. Na nyingine zimewekwa toka mwanzo zitume muhtasari kwa kila aliyealikwa kikao kikiisha. Kuna kisa kilizunguka sana mtandaoni 2024, jamaa alikuwa na kikao cha Zoom na wawekezaji, akatoka, wao wakabaki wakiendelea kuongea mambo yao ya ndani, na Otter ikamtumia maandishi yote pamoja na yale waliyosema yeye akiwa ameshaondoka. Bot haikuharibika, ilifanya ilichoambiwa, hakuna aliyekumbuka tu kwamba bado iko chumbani. Agosti 2025 Otter hiyohiyo ikafunguliwa kesi kwenye mahakama ya shirikisho California, madai yakiwa inarekodi mazungumzo ya watu ambao si wateja wake na hawajaridhia, na kwamba inatumia sauti hizo kufundishia mifumo yake. Madai ni madai, lakini soma vizuri ni nani analalamika hapo, si mwenye akaunti, ni yule wa upande wa pili. Yaani kwa lugha yetu ni mteja wako.

Read AI nayo ina kitu cha ziada, inapima jinsi washiriki walivyokuwa makini na hali ya mazungumzo, inatoa alama. Kwa timu ya mauzo sawa labda. Kwa mtu aliyekuja kupata ushauri wa maisha yake kumpa alama za uso ni kumkosea heshima, mi hiyo ningeizima kabla ya kitu kingine chochote.

AI iliyomo ndani ya programu yenyewe

Zoom wana AI Companion, ilitoka kwa jina hilo Septemba 2023 na wenye mpango wa kulipia hawakuongezewa gharama. Microsoft wakaleta Copilot, msaidizi wao wa AI, kwa makampuni Novemba 2023 na inafanya kazi kwenye Teams. Google Meet wakaanza kuandika noti za kikao kwa wenye Workspace, yaani akaunti za Google za kazini, Agosti 2024. Hapa hakuna kiboksi cha mgeni, kuna alama ndogo juu ya skrini na taarifa kwamba AI imewashwa, basi. Mteja anajua, ila hatazamwi.

Kinachonifanya niipende hii kuliko bot ni kitufe. Unaanza kikao, mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani, mteja anatoa ya moyoni kidogo, hayo yote hayana haja ya kuandikwa na mtu yeyote, alafu mkifika kwenye kazi unamwambia "naomba niwashe noti tuanze", unawasha, na mkimaliza makubaliano unazima huku bado mnaongea. Bot ya nje mara nyingi unaitoa au unaibakiza, na kuitoa katikati ya mazungumzo ni tukio, mteja anajiuliza kwani kuna nini. Kitu kingine, kwenye Zoom muhtasari unaweza kutengenezwa bila kikao kurekodiwa video, kwa hiyo hubaki na faili kubwa la sura ya mtu ambalo hujui utalitunza wapi.

Sasa mipaka yake. Lazima uwe mwenye kikao au mwenye kikao awe ameruhusu, na kwa sehemu kubwa lazima uwe unalipia. Ukiwa kwenye Zoom ya bure una dakika 40 za kikao na habari ndo imeishia hapo kwa kiasi kikubwa. Ukitembea kwenye majukwaa matatu noti zako zinakaa sehemu tatu, za Meet ziko kwenye Google Docs, za Zoom ziko Zoom, na mwisho wa mwezi ukitaka kumfuatilia mteja mmoja unazitafuta kama ufunguo uliopotea. Na ukiwasha ule usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho kwenye Zoom, ambao unafanya hata Zoom wenyewe wasiweze kusikia mazungumzo, AI haifanyi kazi, inabidi uchague moja, ambalo ni jambo la maana kulijua kabla hujamwahidi mteja vyote viwili.

Kuhusu data watu bado wana kumbukumbu ya Zoom 2023. Masharti yao yaliyobadilishwa Machi mwaka ule yalisomeka kana kwamba wanaweza kutumia maudhui ya wateja kufundishia AI, Agosti watu wakaja juu, Zoom wakayaandika upya wakisema hawatumii sauti, video, chati wala vinavyooneshwa kwenye skrini kufundishia modeli zao au za wengine. Kwa hiyo unapochagua yoyote tafuta sentensi ya namna hiyo, iwe imeandikwa wazi kwenye masharti, si kwenye tangazo. Ukiona wanazungukazunguka na maneno kama "kuboresha huduma" bila kusema kuboresha vipi, ujue jibu.

Kwa upande huu AI ya ndani ya programu inashinda kwa sababu moja tu ya kawaida sana: sauti ya mteja ilikuwa inapita Zoom au Google hata hivyo. Ukileta bot umeongeza kampuni ya pili inayoshika mazungumzo yaleyale, akaunti ya pili ya kulinda, nywila ya pili, na mahali pa pili pa kufuta mteja akikuomba ufute.

Inayosikiliza kwenye laptopu yako

Granola ndo inajulikana zaidi kwa hii, ilianza 2024. Haingii kwenye kikao, inachukua sauti inayotoka na kuingia kwenye kompyuta yako, inaandika, inachanganya na noti zako mwenyewe ulizogusagusa kwenye kibodi, na sauti yenyewe haiihifadhi. Kama zana ni nzuri mno, labda ndo inayotoa noti zinazofanana na za binadamu kuliko zote kwasababu inaanzia kwenye kile wewe ulichoona cha maana.

Tatizo ni kwamba mteja haoni chochote. Hakuna kiboksi, hakuna alama. Kila kitu kinategemea wewe ukumbuke kusema, na siku umechoka au umechelewa hutasema, na siku hiyo ndo mteja atakuja kugundua. Tena akigundua hataona tofauti kati yako na mtu aliyeficha simu inarekodi chini ya meza. Sheria nazo haziko sawa kila mahali, New York inatosha mmoja wa waongeaji awe anajua, California inataka wote waliomo kwenye mazungumzo ya faragha wakubali, Ulaya kuna GDPR, sheria ya kulinda data za watu, toka 2018 na lazima uwe na msingi wa kisheria wa kushika data ya mtu. Wewe uko sehemu moja mteja yuko nyingine, kwa hiyo fuata ile kali zaidi na maisha yawe mepesi.

Kitu kingine kidogo, zana za aina hii zinajua sauti yako na sauti ya "upande wa pili" tu. Kikao cha watu wawili haina neno. Wakiwa watatu upande wa pili wote wanakuwa mtu mmoja. Ila hapa hata zile nyingine zinaanguka, mume na mke wamekaa mbele ya laptopu moja wameingia kwa jina la mume, muhtasari unakuja umeandika kwamba Bwana fulani amesema amechoka na mume wake. Unacheka, alafu unakumbuka kwamba usingesoma ungeituma hivyohivyo.

Kusimulia mwenyewe baada ya kikao

Hii hakuna anayeitangaza kwasababu haina cha kuuza sana. Kikao kinaisha, mteja anaondoka, unashika simu unaongea dakika tatu nne: leo tumezungumza hiki, amekubali kile, ana wasiwasi na hiki, wiki ijayo tuanzie hapa. AI inageuza hayo maongezi yako kuwa noti zilizopangika. Sauti ya mteja haijawahi kugusa AI yoyote. Hakuna wa kuombwa ruhusa ya kurekodi kwasababu hakuna aliyerekodiwa zaidi yako. Badala ya jina unatumia herufi mbili au namba ya faili, maana ukimtaja kwa jina na shida zake zote kwenye programu ya AI bado umempeleka kulekule kwa mlango wa nyuma.

Ukitaka isitoke kabisa kwenye mashine yako kuna Whisper ya OpenAI, AI inayogeuza sauti kuwa maandishi, waliitoa Septemba 2022 kwa chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuichukua bure, inakimbia kwenye kompyuta yako bila intaneti, kuna programu nyingi za kawaida zimeifunga ndani yake kwa hiyo huhitaji kuwa mtaalamu wa kuandika programu.

Unachopoteza ni maneno kamili ya mteja. Kwa mkataba, kwa mahitaji ya kiufundi, kwa namba, hiyo ni hasara ya kweli, mtu ametaja tarehe sita na bei nne huwezi kuzikumbuka zote. Kwa unasihi na ukocha mi naona ni faida, kwasababu kile ulichokumbuka baada ya kikao ndo chenyewe, na ile dakika ya kukisema kwa sauti inakulazimisha ufikiri kuhusu mtu badala ya kusoma orodha iliyofikiriwa na mashine.

Zinapokosea

Zote zinakosea lakini hazikosei sawa, na kwenye vikao vya wateja kuna kosa moja ambalo ni baya kuliko mengine. Si lile la kusikia jina vibaya, hilo unaliona. Ni lile la kuandika kitu ambacho hakijasemwa kabisa. Watafiti waliichunguza Whisper, utafiti ukatoka 2024, wakakuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vilikuwa na sentensi au maneno mazima ya kubuni, na katika hayo ya kubuni asilimia 38 yalikuwa na madhara, kama vile ukatili au mambo ya uongo kuhusu mtu. Asilimia 1 inasikika ndogo mpaka uhesabu vipande vilivyomo kwenye saa nzima ya maongezi. Na cha kutazama hapa ni kwamba waliona inahusiana na ukimya, sauti za watu wenye matatizo ya kuongea, ambazo zina vituo virefu, ziliathirika zaidi. Sasa fikiria kikao cha unasihi, mteja amenyamaza, anafuta machozi, wewe unasubiri, kazi nzuri kabisa ya mshauri, na mashine inaona nafasi tupu inaijaza.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Sisi tunakanusha kwa kasilabi kamoja mwanzoni mwa neno, nitaweza na sitaweza, tutalipa na hatutalipa, intaneti ikikwama nusu sekunde hiyo silabi imekwenda na muhtasari unakuja umegeuza makubaliano kichwa chini miguu juu. Ongeza kwamba nyingi ya hizi programu zilianza na Kiingereza na lugha chache kubwa, na sisi tunaongea Kiswahili tunachomeka Kiingereza katikati ya sentensi bila hata kujijua. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote fanya jaribio na rafiki, ongeeni vile mnavyoongea kweli, kanusheni mambo makusudi, nyamazeni nusu dakika, mtajane namba, alafu soma ilichoandika neno kwa neno. Usijaribu kwa Kiingereza cha kusoma, kila programu inafaulu huo mtihani.

Mi ningechagua hivi

Unasihi, tiba, mambo ya afya, ndoa, chochote ambacho mteja asingependa dada yake asome: simulia mwenyewe baadaye, usilete kitu kingine hata kama mteja amesema sawa tu, kwasababu wengi wanasema sawa kwa kuona aibu kukataa. Mwenye taaluma yenye bodi yake aangalie pia bodi inasemaje.

Ushauri wa biashara, miradi, mafunzo, vikao vyenye maamuzi na tarehe: AI ya ndani ya programu, wewe ukiwa mwenye kikao, unawasha na kuzima kwa mkono. Bot ya nje inaishinda hii pale tu ambapo wateja wako ndo wanaoita vikao na kila mmoja ana jukwaa lake, basi iingize, lakini zima kuingia yenyewe, zima kutuma muhtasari kwa wote, na angalia mpango wa bure unaishia wapi, wa Otter kwa mfano umekuwa ukikata kila mazungumzo kwenye dakika 30, kwa hiyo kikao cha saa moja unapata nusu, na nusu yenye maamuzi huwa ni ile ya pili. Ya kusikiliza kwenye laptopu ningeiacha kwa vikao vya ndani na wenzako kazini ambao wameshakubaliana, kwa mteja hapana.

Ruhusa omba siku moja kabla na si mteja akiwa ameshakaa mbele ya kamera, pale hana nafasi ya kufikiri. Ujumbe mfupi unatosha, kitu kama hiki:

"Habari za leo. Kesho kwenye kikao chetu ningependa kuwasha AI ya Zoom iandike noti za yale tutakayokubaliana ili nisiwe nainamia daftari. Video hairekodiwi. Noti nitazisoma kwanza mimi, nitakutumia nakala, na nitazifuta mradi ukiisha. Kama hupendi niambie tu, nitaandika kwa mkono kama kawaida na hakuna kitakachobadilika."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo yenye kazi, bila hiyo umetoa taarifa tu hujaomba.

Na kuna upande mwingine ambao wengi hawajajiandaa nao, mteja kuja na bot yake. Unafungua kikao, kwenye chumba cha kusubiria wako wawili, yeye na kitu chenye jina lake na Notetaker. Kama ni kikao cha kazi mi naifungulia na kumuuliza noti zinaenda kwa nani mwingine, mara nyingi hata yeye hajui, aliunganisha kalenda siku moja akasahau. Kama ni kikao cha mambo binafsi namwingiza yeye kwanza, bot inabaki nje, namuuliza kama anaihitaji kweli. Chumba cha kusubiria kiwe kimewashwa muda wote kwasababu hiyo, bila hicho inaingia kabla hujasema karibu. Akisema anaihitaji ni haki yake, mazungumzo ni ya maisha yake, mnakubaliana izimwe lini na wewe ndo unaangalia kwamba imetoka kabla ya kubonyeza kumaliza kikao.